Mhandisi aliyestaafu aendelee na mafunzo endelevu ya kitaaluma, na aanzie wapi?

Mstaafu wa Iringa
Habari za leo, wanajukwaa. Nilistaafu utumishi wa umma miaka minne iliyopita, nilipofikisha miaka 60, baada ya kufanya kazi ya miundo ya majengo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Hata sasa haupiti mwezi bila mtu kuniomba nimwangalizie michoro ya ghorofa, na mara mbili nimeombwa nigonge muhuri wangu wa mhandisi kuidhinisha michoro. Mimi nilizoea BS 8110, kiwango cha Uingereza cha usanifu wa miundo ya zege, na niliitumia hadi siku ya mwisho ya ajira, ilhali vijana wanaoniletea michoro wanatumia Eurocode, yaani viwango vya Ulaya. Je, kuna maana kwa mtu wa umri wangu, asiye na mwajiri wa kumlipia, kuendelea na mafunzo? Na kama ipo, nianzie wapi ili pensheni yangu isiishie kwenye semina zisizonihusu?

Mhandisi wa Miundo, Dar es Salaam
Shikamoo, Mzee. Ukiendelea kugonga muhuri, mafunzo ni lazima, kwa sababu Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 inamtaka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa, na jengo halijui kwamba aliyelipitisha ni mstaafu.

Kuhusu pa kuanzia, ningekushauri uache kwanza semina za uongozi na usimamizi wa miradi, ushike Eurocode 2, ile inayohusu zege, peke yake. BS 8110 iliondolewa rasmi huko Uingereza mwaka 2010, na tofauti zake na kiwango kipya zinaweza kumponza hata mzoefu. Mchoro ukiandikwa zege la C25/30, namba ya kwanza ni nguvu ya zege ikipimwa kwa sampuli ya silinda na ya pili ni kwa sampuli ya mchemraba. Kwa hiyo mhandisi aliyezoea kusoma namba moja tu anaweza kukubali michemraba ya 25 mahali palipohitaji 30, na zege dhaifu likapita mbele ya macho yake. Vilevile mzigo wa kudumu (uzito wa jengo lenyewe) tuliouzidisha kwa 1.4 kwa ajili ya usalama sasa kwa kawaida unazidishwa kwa 1.35, na ule wa matumizi umeshuka kutoka 1.6 hadi 1.5. Hatari kubwa zaidi iko kwenye pete za boriti, yaani vyuma vinavyozungushiwa nondo ili kuzuia boriti isikatike kwa nguvu ya mkato: zamani tulihesabu mchango wa zege pamoja na wa pete, lakini katika Eurocode 2, pete zikishahitajika kwa hesabu, ndizo zinazobeba nguvu yote ya mkato. Anayechukua nusu ya hesabu huku na nusu kule hana kiwango chochote anachokifuata.

Mhandisi Mhitimu, Mwanza
Shikamoo, Baba. Mimi niko katika mafunzo ya vitendo, na aliyenifunza mengi kuliko wote ni mstaafu. Alinipeleka kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa kiangazi, akanionyesha mipasuko inayoingia mkono, akaniambia nirudi masika nione udongo huohuo ulivyovimba na kuinua kuta za nyumba nyepesi. Baada ya hapo nilielewa msingi kuliko nilivyouelewa darasani. Nami nilimwonyesha programu ya kukokotoa fremu, na kila jibu lililotoka tulilihakiki kwa hesabu za mkono. Naomba utafute kijana wa kusoma naye, maana gharama yake ni ndogo na faida ni ya wote wawili.

Mstaafu wa Mitambo, Morogoro
Ndugu yangu, mimi nina maoni tofauti kidogo. Nilipostaafu niliacha kabisa kusaini, lakini sikuacha kusoma. Anayekagua kazi ya mwingine anahitaji elimu ileile, isipokuwa halazimiki kuharakishwa na mteja anayetaka kibali kesho. Naamini mstaafu ana nafasi nzuri zaidi hapo, kwa kuwa hana bosi wa kumwogopa anaposema mchoro urudishwe.

Mstaafu wa Iringa
Nawashukuru sana. Nimeamua kutogonga muhuri wowote kwa sasa. Nitachukua jengo la ghorofa tatu nililolisanifu zamani kwa BS 8110, nilikokotoe upya lote kwa Eurocode 2, kuanzia boriti za ghorofa ya kwanza. Binti yetu wa Mwanza, ukiwa na nafasi, nitakutumia karatasi zangu za hesabu za pete uzihakiki kabla sijaingia kwenye nguzo.