Kitanda cha mbao kinalia: kukaza, nta, mpira au gundi?

Tendegu_Moja
Wakuu, salamu. Nina kitanda cha mbao, futi tano kwa sita, kimefungwa kwa bolti kwenye pembe nne. Chaga, zile mbao za kukalia godoro, zimelala tu juu ya papi (mbao nyembamba) zilizopigiliwa ubavuni mwa mifumbati, yaani mbao ndefu za pembeni, hazina skrubu. Mtu akigeuka usiku, chumba cha pili wanajua. Nimeshapewa ushauri wa aina nne: kaza bolti, paka nta, weka vipande vya mpira, tia gundi ya mbao kwenye viungo. Jirani kaongeza wa tano, mafuta ya injini. Ipi inadumu? Sitaki dawa ya kurudia kila mwezi.

Fundi Msasa
Mkuu, huwezi kuchagua kabla hujajua kinacholia ni nini. Toa godoro, lilaze sakafuni, jilaze ugeukegeuke. Likilia lenyewe, ni springi za godoro, na kitanda unakionea bure. Likinyamaza, rudi kwenye fremu tupu. Shika kitakizo cha kichwani ukisukume na kukivuta, huku mwenzako kaweka kiganja kwenye kiungo kimoja baada ya kingine. Kiungo chenye tatizo utakihisi mkononi kikicheza hata kabla sikio halijakipata, kwa sababu sauti husafiri kwenye mbao na mara nyingi unaisikia mbali na ilikotoka. Kisha kandamiza chaga mojamoja. Ukishajua mahali, dawa inajichagua yenyewe.

Spana13
Mimi nasema kukaza kwanza, hayo mengine yafuate. Hewa ikikauka mbao hunywea, na bolti iliyokuwa imebana inabaki na nafasi. Ila kuna namna ya kukaza. Legeza zote kidogo kitanda kikiwa kimesimama mahali pake, halafu kaza kwa zamu na kwa mshazari: pembe hii nusu, ya mkabala nusu, urudi tena. Ukimaliza pembe moja kabisa ndipo uende nyingine, fremu inakaa upogo na utaanza kutafuta kelele mpya.

Na tia washa pana chini ya kila nati. Bila washa, nati huzama kwenye mbao na leo ukikaza, kesho imelegea. Zipo pia nati zenye pete ya nailoni ndani. Hizo mtikisiko hauzilegezi kirahisi.

MamaPacha
Spana13, hiyo ya kukaza ni kwa kitanda kilicholegea. Changu bolti zilibana mpaka spana ikakataa na bado kikalia, kwa sababu wapigaji kelele walikuwa chaga, si pembe. Chaga isiyofungwa inapinda ukilala, ncha zake zinateleza juu ya papi. Hapo utakaza nini?

Nilichukua mshumaa mweupe wa kawaida, nikainua chaga, nikasugua ncha zake upande wa chini na sehemu ya papi zinapokalia mpaka nikaona utando unang'aa. Kimya. Sabuni kavu nayo inafanya kazi, lakini siipendi: sabuni huvuta unyevu, na kama kuna misumari au skrubu jirani itaota kutu.

Kimya Kimya
Dada, nta nakubali, ila kwenye ncha za chaga inalika. Nafasi ile mimi naipa mpira. Tyubu chakavu ya baiskeli, ipasue kwa urefu, kata utepe wa upana wa papi, bandika kwa gundi ya mpira kutoka kichwani hadi miguuni. Mbao haigusi tena mbao. Bandika utepe mzima bila kuruka, maana ukiweka vipande hapa na pale baadhi ya chaga zitainuka kuliko wenzake, na zilizoinuka ndizo zitakazobeba uzito wote.

Mpira mtupu ukigusana na mbao yenye vanishi unaweza kulia wenyewe, kwa hiyo pakaza poda ya mtoto kidogo juu yake. Na tafadhali, usiweke mpira kwenye pembe zenye bolti. Mpira hubonyea, bolti inapoteza kubana, kitanda kinaanza kuyumba kama mtumbwi.

Mlinzi wa Zamu
Samahani kuingilia. Cha kwangu ni cha chuma, na bomba za pembeni zinaingia kwenye vikulabu vya kichwani. Nimepulizia dawa ya kutoa kutu, kilinyamaza siku chache, kimerudi. Niongeze?

Spana13
@Mlinzi, usiongeze. Ile ni nyepesi, kazi yake kubwa ni kupenya na kulegeza kutu, na sehemu kubwa yake hupotea hewani. Ng'oa kulabu, sugua kutu kwa msasa, paka grisi kidogo sana, ufute inayobaki isije ikachafua shuka. Kama kulabu imelika na inacheza ndani ya tundu lake, weka kipande chembamba cha mpira au ngozi kati yake. Ila chunguza kwanza sehemu zilizochomelewa. Ukiona ufa mwembamba kandokando ya weldi, hapo hakuna cha kupaka. Kinarudi kwa mchomeleaji, maana siku moja kitakatika mtu akiwa juu.

Tendegu_Moja
Na gundi je? Mbona kila mtu anaikwepa?

Fundi Msasa
Kwa sababu watu huitia mahali pasipo pake. Gundi ni ya kiungo ambacho hakitafunguliwa tena: pale ulimi wa kitakizo unapoingia kwenye tundu la tendegu. Ukihisi kinacheza, kitoe kabisa, kwangua gundi ya zamani mpaka uone mbao yenyewe, paka mpya, bana kwa jiriwa au kamba iliyosokotwa kwa kijiti, uache saa 24. Kumimina gundi juu ya ufa bila kufungua ni kupamba tu, haishiki juu ya gundi kuukuu iliyokauka.

Pembe za bolti usiziguse kwa gundi. Siku ya kuhama utakuja kuuliza hapa jinsi ya kupitisha kitanda kizima mlangoni. Kama tundu la skrubu limepanuka, hapo ndipo gundi inakusaidia: jaza njiti za kiberiti zilizochovywa gundi, kata zinazozidi, subiri ikauke, rudisha skrubu ile ile.

Na mafuta ya injini mwambie jirani aanze na kitanda chake. Mbao inayanywa, inanuka, inashika vumbi, na pale yalipopita gundi haitashika tena.

Tendegu_Moja
Nimefanya kile kipimo cha kiganja. Pembe tatu ziko imara, ya miguuni kulia ilikuwa inacheza, nimekaza na kuweka washa. Chaga nimezilaza juu ya tyubu. Kelele za kugeuka zimeisha. Imebaki moja tu, "ko" ya katikati, mtu akikaa ghafla. Nimechungulia chini: ule mguu wa boriti ya kati haugusi sakafu, karatasi inapita.

MamaPacha
Kunja karatasi hiyo hiyo uichomeke, umemaliza.

Kimya Kimya
Karatasi itabonyea, atarudi hapa.

Fundi Msasa
Chonga kabari ya mbao ngumu yenye unene wa ile nafasi, si zaidi, maana ukizidisha boriti itainuka katikati na chaga zitakosa pa kukalia pembeni. Igundishe chini ya mguu wenyewe. Ukiiacha imechomekwa tu sakafuni, wa kwanza kufagia anaondoka nayo. Na bolti zile zipitie tena kwa spana baada ya wiki mbili tatu, mbao ikishajikalia chini ya washa mpya.