Dawa gani ya usingizi inamwacha mtu mzima asubuhi? Tulinganishe

Suka wa Tegeta

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dereva wa basi la shule hapa Dar. Mtoto wa kwanza nampakia saa kumi na moja kasorobo alfajiri, kwa hiyo saa kumi kamili lazima niwe nimeshaamka. Kwa kazi hii siwezi kushika usukani nikiwa na mang'amung'amu. Nyuma yangu wamekaa watoto wa watu.

Shida yangu ni hii: napanda kitandani saa tatu na nusu usiku, nageukageuka hadi saa sita. Nikishtuka saa nane, ndiyo basi tena. Hospitali nimeandikiwa amitriptilini ya miligramu 25. Usingizi unakuja kweli, ila naamka kichwa kizito, mdomo umekauka, na macho yanafunguka vizuri nikiwa kwenye ruti ya pili. Jirani ananishauri Valium, duka la dawa wananiambia Piriton mbili zinatosha, na ndugu yangu aliyeko Dubai anasifia zolpidemu.

Waliowahi kutumia na wataalamu, naomba tulinganishe. Sihitaji ya kunizimisha. Nahitaji ile itakayoniachia asubuhi yangu.

Mfamasia wa Zamu

Mkuu, asubuhi yako inategemea zaidi muda ambao dawa inakaa mwilini kuliko jinsi inavyokulaza. Nianze na hizo ulizotaja.

Valium ni diazepamu. Ili ipungue nusu tu mwilini inachukua kati ya saa 20 na 50, na ini likishaivunja linatoa zao lingine lenye nguvu ileile ambalo linakaa siku kadhaa. Ukimeza leo, kesho usiku bado ipo, na ya kesho inajazana juu yake. Kwa dereva wa alfajiri mimi naiondoa kabisa kwenye orodha.

Piriton, yaani klorofeniramini, ni dawa ya mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni. Inapungua nusu kwa karibu siku nzima, na mwili unaizoea haraka: baada ya siku chache haikulazi tena kama mwanzo, unabaki na ukavu wa mdomo. Phenergan ni ya ukoo huohuo, nayo inavuka hadi asubuhi.

Amitriptilini yako inapungua nusu kati ya saa 10 na 28. Kwa hiyo huo uzito unaousema una sababu, hauko kichwani mwako tu. Kabla ya kukimbilia dawa nyingine, rudi kwa aliyekuandikia umuulize mambo mawili. Je, dozi inaweza kushuka? Vidonge vya miligramu 10 vipo. Je, unaweza kuimeza saa moja jioni badala ya wakati wa kupanda kitandani? Wengi asubuhi yao inakuwa nyepesi kwa kusogeza saa tu. Usiikatishe ghafla kwa uamuzi wako.

Zolpidemu ndiyo inayotoka haraka, nusu yake inaondoka ndani ya saa 2 au 3. Ndiyo maana inasifiwa. Lakini mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dozi ya wanawake ishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu asubuhi damu zao zilikutwa bado na kiasi cha kutosha kuharibu uendeshaji wa gari. Wanaume nao madaktari walishauriwa kuwafikiria dozi ya chini. Na dawa hii ina sharti ambalo wauzaji wengi hawalisemi: uimeze tu ukiwa na saa 7 hadi 8 za kulala mbele yako. Wewe kutoka saa tatu na nusu hadi saa kumi una saa sita na nusu. Ratiba yako haitoshi, hata kama dawa yenyewe ni nzuri.

Boda Kijitonyama

Mimi Piriton nameza kila siku na asubuhi naingia kijiweni kama kawaida. Sijawahi kuona tatizo. Nadhani kila mtu na mwili wake.

Nesi wa Kisauni

Hamjambo kutoka Mombasa. Ndugu yangu wa boda, naomba unisikize kwa hili. Kujisikia uko sawa na kuwa sawa ni vitu viwili. FDA walipotoa ile tahadhari ya zolpidemu walisema wazi kwamba mtu anaweza kuhisi yuko macho kabisa na bado mikono na akili zake ziko nyuma. Mtu aliyelewa usingizi hawezi kujipima mwenyewe. Piriton nayo inasinzisha, na wewe unabeba abiria.

Niongeze jambo ninaloliona wadi. Wazee wanaletwa wamevunjika nyonga, ukiuliza unapata kulikuwa na kidonge cha usingizi alichopewa na jirani au kilichonunuliwa kwa kemisti bila cheti. Ameamka usiku kwenda chooni, miguu haijaamka. Mwenye mzazi wa miaka zaidi ya 65 nyumbani, tafadhali diazepamu isiwe kitu cha kuokotwa kwenye droo.

Na hapa Pwani tunajua vizuri dawa za ukoo wa Valium zinavyoshika watu. Aliyezimeza kwa muda mrefu asiache kwa siku moja: anaweza kupata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo, tena chini ya daktari. Pombe pamoja na hizo dawa ni hatari ya kusimamisha pumzi.

Binti Pemba

Niko Leicester, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku na mchana zikibadilishana. Nimepitia melatonini, ile homoni ya usingizi, na zopikloni, ndugu wa zolpidemu, niwaambie tofauti.

Zopikloni ilinilaza, lakini inapungua nusu kwa kama saa 5, na asubuhi mdomo una ladha ya chuma hadi chai haina raha. Siku za zamu ya mapema sikuithubutu.

Melatonini inatoka mwilini haraka sana, nusu ndani ya chini ya saa moja kwa ile ya kawaida, na asubuhi sikuwa na uzito. Ila msitarajie makubwa. Tafiti zilipojumlishwa mwaka 2013, ilionekana inamwahisha mtu kulala kwa wastani wa kama dakika 7. Inamfaa zaidi mtu ambaye saa yake ya mwili imehama, kama mimi na zamu zangu, au msafiri aliyevuka bahari. Kwa anayekosa usingizi sababu ya mawazo ya ada na kodi ya nyumba, inasaidia kidogo mno. Hapa Uingereza inatolewa kwa cheti cha daktari tu, Marekani inauzwa madukani kama vitamini.

Kuhusu udereva, tangu Machi 2015 sheria ya Uingereza na Wales inaweka kiwango cha juu cha diazepamu, temazepamu na lorazepamu kwenye damu ya dereva, kama ilivyo kwa pombe. Nawaambia ili muone uzito wa jambo lenyewe.

Kilichonisaidia mimi hasa hakikuwa kidonge. Daktari wangu alinipeleka kwenye mafunzo ya kurekebisha tabia za usingizi. Chama cha madaktari wa ndani cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba tiba hiyo ndiyo itangulie dawa kwa mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu. Kitanda ni cha kulala tu, simu inabaki sebuleni. Ukikaa macho kwa kama dakika 20, unaondoka kitandani, unakaa mahali penye mwanga hafifu hadi usinzie. Saa ya kuamka haibadiliki, hata Jumapili. Halafu unapunguza muda wa kukaa kitandani ulingane na unaolala kweli, unauongeza polepole. Hiyo ya mwisho, kaka Suka, usiianze peke yako: wiki za mwanzo inaongeza usingizi wa mchana, na wewe una basi.

Tumaini J

Mimi nachangia upande mwingine. Natumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Zamani nilikuwa na efavirenzi, ilinipa ndoto za ajabu na kizunguzungu, tukaambiwa tuimeze wakati wa kulala. Tulipohamishiwa kwenye dolutegraviri nikaendelea na saa ileile ya usiku, usingizi ukakatika. Niliporudi CTC, kliniki yetu ya dawa za Ukimwi, mhudumu aliniambia dolutegraviri kwa baadhi ya watu inafukuza usingizi, nihamishie asubuhi. Usingizi ulirudi bila kidonge cha ziada. Kabla hujatafuta dawa ya usingizi, kagua dawa unazomeza kwa sababu nyingine.

Mfamasia wa Zamu

Tumaini umenena jambo ambalo ningetamani kila mhudumu wa dawa aanze nalo. Prednisoloni ikimezwa jioni inakesha na mtu. Furosemidi ya presha au moyo ikimezwa usiku inakuamsha kwenda haja ndogo mara kwa mara. Propranololi inaleta ndoto mbaya kwa baadhi ya watu. Dawa za namna hiyo zikisogezwa saa, kwa ushauri, mara nyingi ugomvi unaisha.

Mswahili Muscat

Vipi kuhusu hizi mpya? Nimesikia za kundi la oreksini.

Mfamasia wa Zamu

Zipo. Hizi hazizimi ubongo, zinazuia kemikali inayotuweka macho. Suvoreksanti iliruhusiwa Marekani mwaka 2014, inapungua nusu kwa kama saa 12. Daridoreksanti ya mwaka 2022 inachukua kama saa 8, na ilitengenezwa kwa nia ya kupunguza uzito wa asubuhi. Bei yake ni kubwa, na bado maelezo yake yanamtahadharisha dereva. Kwa saa sita na nusu za Suka, nazo hazifai.

Suka, hebu tuambie: unatumia dawa nyingine yoyote? Mchana unakunywa nini? Ukilala unakoroma?

Suka wa Tegeta

Asanteni sana wakuu, na dada yangu wa Pemba. Dawa nyingine sina. Mchana, kati ya kupeleka watoto na kuwarudisha, huwa nakunywa enaji, wakati mwingine mbili, maana nasinzia hata nikiwa nimeegesha. Kukoroma ndiyo, mama watoto analalamika. Anasema kuna wakati nanyamaza ghafla, pumzi inakatika, halafu nashtuka kama mtu anayezama.

Mfamasia wa Zamu

Mkuu, hapo mazungumzo yetu yote yanabadilika. Kukoroma, pumzi kukatika, na kusinzia mchana kwa pamoja ni dalili za koo kuziba usingizini. Kila linapoziba, ubongo unakuamsha ili uvute hewa, hata kama hukumbuki. Mwenye tatizo hilo akimeza Valium, misuli ya koo inalegea zaidi na pumzi inakatika kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo sasa hivi usiongeze dawa yoyote ya usingizi, ya jirani wala ya Dubai.

Nenda kliniki ya masikio, pua na koo kwenye hospitali ya rufaa, useme maneno hayohayo uliyoandika hapa. Huenda uzito mwingi wa asubuhi unatokana na hilo, siyo amitriptilini peke yake. Matibabu yapo: kupunguza mwili kwa walio wanene, kulala ubavu, na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Enaji isivuke saa sita mchana, kwa sababu nusu ya kafeini inabaki mwilini kwa kama saa 5.

Nesi wa Kisauni

Na pombe ya jioni pia, kama unatumia, iache. Ongea na mwenye basi akupatie mtu wa kukushikia hadi umwone daktari. Mwambie wazi ni kwa ajili ya watoto, ataelewa.

Suka wa Tegeta

Nimeshamwambia. Kijana wa ruti ya Bunju atanishikia.

Binti Pemba

Shemeji akurekodi kwa simu ukiwa umelala, dakika chache zinatosha, hasa pale pumzi inapokatika. Daktari akiisikia atajua aanzie wapi.

Suka wa Tegeta

Ninayo ya jana usiku, dakika nne. Jumatatu naenda nayo.