Tupeane uzoefu: Gari ya turbo inakugharimu kiasi gani kwa mwezi?

MbeziTurbo
Wakuu, salaam. Kila mara mtu anauliza bei ya Subaru Impreza WRX au Forester ya turbo, akishajua bei ya Japani na ushuru wa TRA anaona kamaliza hesabu. Kununua unalipa mara moja. Kutunza ni kila mwezi, na hapo ndipo gari nzuri zinapoishia juu ya mawe gereji. Naomba tuweke namba za kweli, kila mtu na zake.

Naanza mimi. WRX, injini EJ20, gia za mkono, kila siku ya kazi Mbezi hadi Posta na kurudi, kama kilomita 40. Kwenye foleni inanipa kilomita sita na nusu kwa lita. Petroli ikizunguka 3,000, hiyo ni 18,000 na kitu kwa siku, na kwa mwezi laki nne inapita. Jirani yangu mwenye IST anatumia nusu yake. Nikienda Dodoma bila papara napata 10 hadi 11.

Oili ndiyo nisiyoifanyia mchezo. Inaingia lita nne na kidogo, natumia sintetiki 5W-40, na kila kilomita 5,000 inamwagwa pamoja na filta. Nikipata oili halisi pamoja na ufundi, laki mbili na nusu zinaondoka. Turbo inazungushwa na moshi wa moto na inapozwa na oili hiyo hiyo, kwa hiyo oili ikipungua au ikichoka, turbo ndiyo inaumia kwanza. Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijawasha, gari ikiwa sehemu tambarare, nachomoa stiki naangalia. Injini ya Subaru imelala, silinda zake zinatazama ubavuni, oili inachukua muda kushuka kutoka kwenye vichwa, ukipima dakika moja baada ya kuzima utadanganyika. Kwenye buti kuna lita moja ya akiba muda wote.

Bima kubwa nalipa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, juu yake VAT. Kwa gari ya milioni 25 ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Igawe kwa 12 uiweke kwenye hesabu ya mwezi, maana siku yake ikifika haikopeshi.

BintiMeru
Asante mkuu kwa uzi. Niko Arusha, nina Impreza pia, na mimi nazungumzia matairi kwa sababu hapo ndipo wengi hawapewi habari kamili.

Gari hizi magurudumu yote manne yanavuta. Ukifunga tairi jipya moja na matatu yaliyolika, mizunguko haiendi sawa, difu ya katikati inafanya kazi isiyo yake muda wote, inapata joto hadi inakufa. Kwa hiyo tairi moja likipasuka ubavu, bajeti yako ni ya manne. Saizi yangu ni 225/45R17, la maana huku silipati chini ya 280,000. Zidisha kwa nne. Ubavu wake ni mfupi, shimo moja tu linatosha kukunja rimu, na kunyoosha rimu nayo ni hela.

Wanaonunua mtumba, mimi sikatazi. Ila nenda na futi ya fundi cherehani. Mwambie muuzaji ajaze upepo, zungusha futi katikati ya kashata, yaani meno ya tairi, andika namba. Yakitofautiana zaidi ya milimita sita hivi, mwambie atafute mengine. Kuna duka moja walinikasirikia nilipofanya hivyo. Walivyonuna nikaendelea kupima, na seti waliyoniapia ni moja haikuwa seti moja.

NakuruBoxer
Wadau, hamjambo. Huku Kenya mapenzi ya Subaru ni ya zamani: Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza, Richard Burns naye akashinda 2000 na Impreza. Wengi wetu tulikua tukiyaona yakirusha vumbi.

Yangu ni Impreza STI. Nilipoitoa bandarini, kabla ya rimu, kabla ya muziki, nilibadilisha mkanda wa taimingi. Kwenye EJ20 mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine. Muda wake ni kilomita 100,000 hivi, lakini gari ya Japani iliyotumika huna daftari lake mkononi. Nikaweka kila kitu kwa pamoja: mkanda, tenshona, pule zote na wota pampu, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Ilinitoka 38,000 za Kenya, spea na ufundi, pale Kirinyaga Road.

Mafuta: tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, wakitangaza bei, mimi napanga mwezi. Naweka ile ya okteni ya juu tu. Gari hii iliwekewa mipangilio ya petroli ya Japani, ambayo okteni yake hufikia 100. Ukiipa ya chini na turbo inasukuma, injini inagonga. Tofauti ya bei kwa lita naivumilia.

Kibaigwa_Express
Mmesahau tochi za trafiki za kupima mwendo. Faini 30,000 kila kosa, na vijiji vya njia ya Dodoma vyote mwisho ni 50 kwa saa. Gari hii ukiigusa gia ya tatu ushafika 80 hujasikia kitu. Mimi naingia kijijini na gia ya pili au ya tatu bila turbo kuamka, natoka mwisho wa kibao ndipo nakanyaga.

Unguja_Muscat
Assalaam aleikum ndugu zangu. Huku Oman mafuta si tatizo, M95, petroli ya okteni 95, serikali imeizuia isivuke baisa 239 kwa lita tangu mwisho wa 2021. Dodge Charger yangu ya V8 naijaza bila kufikiri. Linalotula ni joto. Betri miaka miwili ikifika nashukuru. Tairi hata likiwa na kashata nzima, naangalia namba nne za ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho mwaka. Likizeeka nalitoa, maana kwa mwendo wa barabara za huku, tairi kavu ni roho ya mtu.

Sele_Croydon
London kuna ULEZ, tozo ya kila siku kwa magari yenye moshi mchafu. Impreza ya petroli ya 2002 kwa kawaida haifiki Euro 4, kiwango cha moshi kinachotakiwa, kwa hiyo kila siku ukiitembeza ni pauni 12.50, na tangu Agosti 2023 ni mitaa yote ya London. Jamaa wengi hapa wamehamia za 2006 kwenda mbele kwa sababu hiyo tu.

MoroKwanza
Wakuu, nina kama 600,000 kwa mwezi ya gari. Nichukue Forester isiyo na turbo?

MbeziTurbo
Kwa Morogoro mjini inatosha, na utapumua kwenye mafuta. Ila ujue plagi bado ni kazi. Injini imelala, plagi zinatazama ubavu wa bodi, fundi anatoa betri na boksi la filta ya hewa kwanza, kisha anaingiza ekstensheni fupi yenye kiungo cha kupinda, anafungua kwa kuhisi na vidole. Asiyeijua atakupasulia plagi ndani. Mtafute fundi wa Subaru, umlipe ufundi wake bila kupunguza. Na kabla hujatoa hela ya gari, mwambie apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda zote nne ukiwa umesimama hapo hapo. Namba zikiwa mbali mbali, iache gari hiyo hata kama rangi inang'aa.