Tupeane uzoefu: Waliosoma shahada ya uzamili ya sera za umma, mlikwama wapi?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, mimi ni afisa mipango katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, na nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya sera za umma kuanzia muhula ujao. Ada naijua, orodha ya masomo ninayo, na mwajiri amekwisha kuniruhusu, kwa hiyo hayo siyaulizi. Ninachoomba kwa waliotangulia ni yale yasiyoandikwa katika vijitabu vya vyuo: ni wapi hasa mtu hukwama, na alijinasua vipi? Kila mmoja asimulie lililompata mwenyewe.

Mchangiaji, Morogoro

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na nilikwama kwenye tasnifu kwa zaidi ya mwaka. Darasani nilifanya vizuri, na pengine hilo ndilo lililonidanganya. Nilipeleka kwa msimamizi andiko la utafiti kuhusu mchango wa mikopo ya halmashauri katika kuwainua wanawake wa Tanzania. Alisoma kichwa tu, akaniuliza Tanzania yote nitaizunguka kwa pikipiki ya nani. Tukapunguza hadi mkoa, kisha wilaya, kisha kata tatu.

Kwa wasioifahamu, hii ni mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nilikuwa nimekwisha kupata barua ya chuo, ya Katibu Tawala wa Mkoa na ya Mkurugenzi, na nimehoji vikundi 9 kati ya 20 nilivyopanga, ndipo Aprili 2023 Serikali iliposimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili utaratibu upangwe upya. Kuanzia hapo kila nilikopiga hodi na dodoso mkononi nilionekana mdai. Mwenyekiti wa kikundi kimoja alinikaribisha kwa soda, akatoka kwenda kumwita katibu, na hakurudi.

Kilichonitoa ni daftari. Katika kikundi cha ufugaji wa kuku nilioneshwa daftari la mahudhurio lenye saini za wanachama wote, vikao vya miezi sita, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja. Nilipofunua ukurasa wa mwisho nikakuta muhuri wa uhakiki, na juu yake saini yangu mwenyewe. Nililitazama kwa muda mrefu. Swali la utafiti likabadilika siku ile: badala ya kuuliza kama mikopo inasaidia, nikauliza afisa wa kata mwenye vikundi vingi, asiye na fungu la mafuta, huhakiki nini hasa anapogonga muhuri. Nakiri kwamba swali hilo nililikwepa tangu mwanzo kwa sababu mhakiki nilikuwa mimi. Kwenye utetezi mtahini wa nje aliuliza jinsi nilivyojiepusha na upendeleo wa mtafiti, na kwa bahati nzuri nilikuwa nimeandika sura nzima juu ya jambo hilo.

Mchangiaji, Kisumu

Mimi ni mwalimu, na mkwamo wangu ulikuwa nadharia. Miaka yote nilifundisha kwa kufuata mtaala, kisha nikaambiwa nieleze kwa nini tatizo fulani huingia katika ajenda ya serikali na jingine la ukubwa uleule likaachwa nje. Hoja ya John Kingdon, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Marekani, kuhusu mikondo mitatu inayopaswa kukutana ili jambo liingie katika ajenda, yaani tatizo, suluhisho na siasa, niliikariri kwa ajili ya mtihani bila kuielewa. Nilikuja kuielewa kupitia mifuko ya plastiki. Kenya ilijaribu kuizuia mwaka 2007 na tena 2011 bila mafanikio, lakini marufuku iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ikashika. Taka zilikuwapo siku zote, na dawa yake ilijulikana siku zote. Uliokosekana ni mkondo wa siasa. Kwa hiyo namshauri ndugu yetu asisome nadharia yoyote kabla ya kuchagua sera moja ya nyumbani ya kuipima nayo. Kuhusu kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia ya Kenya, kwa Wakenya wanaosoma hapa, kiombeni mapema. Sina zaidi la kusema juu yake.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Takwimu. Nilisoma sanaa tangu kidato cha tano, na masomo yalikuwa ya jioni, hivyo nilifika darasani nikiwa nimechoka kwa foleni na kazi. Nilimlipa mtu anichakatie data, naye akanipa majedwali mazuri nisiyoweza kuyaeleza. Siku mbili kabla ya kuwasilisha niliyafuta yote nikabaki na asilimia na wastani nilivyovihesabu mwenyewe. Alama haikuwa ya juu, lakini kila namba niliyoulizwa niliitolea maelezo.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana, hasa dada wa Morogoro. Kichwa nilichokusudia ni tathmini ya utekelezaji wa elimu bila ada katika shule za msingi za Kanda ya Ziwa tangu Januari 2016. Naona sasa kwamba ni kipana.

Mchangiaji, Morogoro

Ni kipana, kaka, nacho kinafanana sana na changu cha kwanza. Chagua shule mbili na mchango mmoja, kwa mfano ule wa ujenzi wa madarasa, uone mzazi asiyelipa ada analipa nini. Ila kabla ya hapo naomba unijibu: katika halmashauri yenu, makadirio ya bajeti yanayohesabu nguvu za wananchi, yaani michango yao ya fedha na kazi, huandaliwa na nani?

Mwanzisha mada

Na idara yangu. Ya mwaka huu niliyaandika mimi.