Mjadala: Mlima uko kwenye ardhi ya umma. Je, mwenyeji awe na bei yake?

Mama wa Gypsum
Ndugu zangu mlioko Colorado na popote penye theluji, naleta hoja, naomba tuijadili bila kejeli.

Vail, mlima wetu wa kuteleza kwa skii hapa Colorado, ulipofunguliwa Desemba 1962, tiketi ya siku nzima ya lifti, yaani viti vya kamba vinavyokupandisha juu, ilikuwa dola 5. Msimu wa 2024/25, siku za msongamano, ukinunua siku hiyo hiyo dirishani, ilifika dola 329. Najua pesa imeshuka thamani, lakini zile dola 5 hata ukizipandisha kwa mfumuko wa bei hazifiki 60 za leo. Kima cha chini cha mshahara Colorado mwaka 2025 kilikuwa dola 14.81 kwa saa. Piga hesabu: saa 22 za kutandika vitanda, kabla ya kodi, ili uteleze siku moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mlima wenyewe si mali ya kampuni inayouendesha. Umo ndani ya White River National Forest, ardhi ya serikali ya Marekani, na kampuni inautumia kwa kibali cha idara ya misitu. Hoja yangu ni hii: kibali kikihuishwa kiwekwe sharti la bei ya wenyeji. Mtu aonyeshe kitambulisho cha kaunti, alipe kiasi anachokimudu.

Niwaeleze ya nyumbani kwangu. Binti yangu alianza kuteleza darasa la kwanza, kwa mpango unaowapa watoto siku kadhaa za bure hadi darasa la tano. Mwaka huu ameingia la sita. Oktoba tulikwenda kwenye mauzo ya vifaa vilivyotumika, mitumba ya skii tuseme. Akachagua buti, akabana vifungo vyote vinne, akainama mbele na kurudi nyuma kusikilizia vidole vinagusa wapi. Zilimkaa sawasawa. Dola 40 tu. Kisha akavifungua kimoja kimoja, akazirudisha mezani. "Mama, tungoje kwanza tujue kama nitapata pasi ya msimu." Ana miaka 11.

Dereva wa I-70
Mama, pole sana kwa hilo la mtoto. Ila unapigia hesabu tiketi ambayo mwenyeji hanunui. Bei ya dirishani ni ya mgeni ambaye hakujipanga. Sisi tunanunua pasi ya msimu, unalipa mara moja unateleza msimu mzima. Epic Pass, pasi ya kampuni hiyo, ilipotoka 2008 ilikuwa dola 579, na kabla yake pasi kamili ya Vail ilikuwa inapita elfu moja. Mwaka 2021 wakaipunguza kwa asilimia 20, ikawa 783. Ukienda mara 20, siku moja haifiki hata dola 40. Pasi hizo ndizo zinazoipa kampuni uhakika wa mapato theluji isipodondoka. Zamani mwaka mkavu mmoja ulitosha kuufunga mlima mdogo.

Na hiyo ardhi ni ya serikali ya shirikisho, si ya kaunti. Mtu wa Denver analipa kodi hiyo hiyo, wa Florida pia. Kwa nini wewe upewe bei yako na yeye asipewe? Tena wafanyakazi wa mlima hupewa pasi bure.

Mama wa Gypsum
Hapo kwenye kodi, kaka, umenibana, na nitalifikiria. Lakini pasi ya bure ni ya waajiriwa wa kampuni ya mlima. Mimi nimeajiriwa na kampuni ya usafi inayohudumia hoteli. Nafua mashuka ya wanaoteleza, na kwenye daftari la mlima simo. Hata waliomo, pasi haiwalishi: waokoaji wa mlimani kule Park City, Utah, mlima wa kampuni hiyo hiyo, waligoma kuanzia Desemba 27, 2024 hadi Januari 8, wakitaka mshahara wa kuanzia utoke dola 21 kwa saa ufike 23.

Pasi ya msimu wa 2025/26 ilianzia dola 1,051, na bei hiyo ilikuwa ya kuwahi. Inaanza kuuzwa machipuko, lifti zinapokaribia kufungwa, hoteli zinabaki tupu na shifti zinakatwa. Bei inakuwa nafuu wakati mfuko wangu umekauka. Utaniambia unatanguliza dola 49. Ndiyo, halafu salio linakatwa Septemba, kwa mkupuo. Mwenye kipato cha mwezi anajipanga. Sisi tunaoishi kwa shifti tunajipanga na nini?

Mkazi wa Valais, Uswisi
Shikamoo mama. Huku Saas-Fee, kijiji cha skii, mwaka 2016 waliuza pasi ya msimu kwa faranga 222, wakatoa sharti kwamba wapatikane wanunuzi karibu laki moja. Hawakufika idadi hiyo, lakini waliitikia wengi kiasi kwamba wakaiendesha. Mwaka uliofuata ikaja Magic Pass, ya milima mingi midogo kwa pamoja. Kwa hiyo bei ya chini inawezekana bila kuuliza mtu anaishi wapi. Ila nawatahadharisha: vijiji vingi huku vina hisa kwenye lifti zao, na msimu ukiharibika hasara inaangukia mfuko wa kijiji.

Dereva wa I-70
Nilichokuwa nasema ni hicho hicho. Lazima kuna mtu analipa.

Fundi wa Steamboat
Mbona hamuitaji Howelsen Hill, kilima cha skii hapa Colorado? Ni ya mji wa Steamboat Springs, inatumika tangu 1915, na Jumapili za msimu watu wanateleza bure. Gharama zinabebwa na mji, kama unavyobeba za uwanja wa mpira. Wanariadha wengi wa Olimpiki wamekulia pale.

Dereva wa I-70
Howelsen ni kilima tu, fundi. Huwezi kukilinganisha na Vail.

Mama wa Gypsum
Kwa mtoto wa darasa la sita kinatosha. Marahaba, wa Valais. Hoja yangu ya kibali bado nimeishikilia, ila sasa naona iwe bei ya kipato badala ya bei ya makazi, ili hata mfanya usafi wa Denver aingie. Nitaiandika hivyo nikaiwasilishe kwa madiwani wa hapa.

Fundi, buti zile nilirudi kuzinunua bila binti yangu kujua, ziko chini ya kitanda changu. Kutoka kwangu hadi Steamboat ni karibu saa mbili, na gari langu halina matairi ya theluji. Dereva, Jumapili hii uko kazini?

Dereva wa I-70
Sipo kazini. Saa 12 asubuhi nitakuwa mlangoni.