Walikwangua chokaa kwenye shafti ya boti yangu, kutu wakaiacha

Wadau wa vyombo vya majini hapa Kigoma, karakana sitaitaja, ila mambo iliyonifanyia nitayasema yote. Nilipandisha boti yangu ya mbao ufukweni Kibirizi kwa sababu shafti ya propela ilikuwa ikitetemeka. Fundi aliona ukoko mweupe umeganda sehemu inayokaa wazi majini, akatamka kwamba shafti imeliwa na kutu, akaupitishia grenda mpaka chuma kikang'aa, akapaka rangi na kupokea fedha. Shafti yenyewe hakuichomoa.

Ukoko ule ulikuwa chokaa. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inakaribia 9, na mtu aliyekulia hapa ameyaona mawe ya ufukweni yakiwa yamevikwa tabaka hilohilo. Kipande kilichodondoka nilikitia siki, kikachemka povu na kuyeyuka, jambo ambalo kutu haifanyi. Kipimo hicho ni cha jikoni, wala hakihitaji cheti cha ufundi!

Juma lililopita shafti ilikatika usiku tukirudi na dagaa, tukapiga kasia hadi alfajiri. Nilipotoa kipande kilichobaki ndani ya bushi, yaani bomba fupi ambamo shafti huzunguka, nilikuta vishimo vyenye mdomo mdogo kama tundu la sindano, kila kimoja na mchirizi wa kahawia, na ncha ya msumari niliyoingiza katika kimojawapo ilizama karibu milimita 3. Shafti yangu ni ya chuma cha pua (stainless), ambacho hujikinga kwa utando mwembamba unaohitaji oksijeni ili ujirudishe. Chini ya bushi na pakingi inayozuia maji kuingia botini, ambako maji hutuama, utando huo huharibika na chuma kikaliwa kwa ndani huku sehemu iliyo wazi ikibaki nzima. Boti yangu ililala majini miezi 3 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na haikuwa mara yake ya kwanza kulala. Fundi nilimweleza hayo siku ya kwanza.

Zaidi ya hayo aliniuzia kipande cha zinki cha kukinga shafti kwa kuliwa badala yake, ilhali zinki ni ya maji ya chumvi na maji baridi hutumia magnesiamu. Kiko vilevile, hakijapungua hata chembe.

Nimempelekea shafti iliyokatika nikidai fedha zangu. Ameniambia niiache pale ili aichunguze. Nimerudi nayo nyumbani.