VPN ya bure, ya kulipia au seva yako mwenyewe: ipi inaifaa steshenari ya Ng'ong'ona?

MamaPrinta
Wakuu salaam. Nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kazi zangu mnazijua: kuchapa CV, kudurufu vyeti, kujaza maombi ya mkopo wa chuo wa HESLB, kuwafungulia watu akaunti za Ajira Portal. Msimu wa maombi ya chuo ndo sipumui kabisa. Intaneti natumia Wi-Fi ya mwenye jengo, tunachangia fremu nne: saluni, wakala wa pesa, duka la chipsi na mimi. Nywila imebandikwa ukutani tangu mwaka juzi, nadhani hata bodaboda wa kijiweni wanayo.

Juzi kijana mmoja aliyekuja kuprinti akaniambia, mama, kwa Wi-Fi hii mtu anaweza kukaa hapo nje na laptop akasoma kila kitu cha wateja wako, weka VPN, ni programu ya kufunika unachofanya mtandaoni. Nikaingia Play Store, nikakuta ni kama soko la Majengo Jumamosi, kila mmoja anakuita kwake. Nikachukua moja ya bure yenye nyota nyingi. Siku tatu tu, simu inachemka, matangazo kila nikigusa kioo, bando linakwisha kabla ya saa nane. Nimeifuta.

Sasa nimebaki na hizi kichwani: Proton VPN ile ya bure, Mullvad, NordVPN au Surfshark zenye ofa ya miaka miwili, na kuna kijana anasema atanitengenezea ya kwangu kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta ya mbali. Bajeti isizidi 15,000 kwa mwezi. Aliyetumia anieleze, ila naomba kwa lugha ya kibinadamu.

FundiWaya_Kisasa
Dada, kwanza nikupunguzie hofu. Huyo kijana angekuwa sahihi kabisa kama tungekuwa 2012. Siku hizi tovuti karibu zote kubwa zinatumia HTTPS, yaani kati ya kompyuta yako na tovuti maneno yanasafiri yamefungwa. Wa nje na laptop yake ataona umekwenda tovuti gani na kwa muda gani. Nywila uliyoandika na cheti ulichopakia haoni, ilimradi hujapuuza lile onyo jekundu la kivinjari na kubofya "endelea".

VPN inafanya nini basi? Chukulia unaishi hosteli yenye mlinzi getini. Kila ukitoka anaandika kwenye daftari: saa mbili kaenda Nyerere Square, saa tano kaenda benki. Huyo mlinzi ndiye mwenye Wi-Fi, na nyuma yake kampuni ya simu. Ukitumia VPN unapanda bodaboda mlangoni kwako umejifunika koti, mlinzi anaandika tu "kapanda boda". Unakokwenda hajui. Lakini boda anajua! Kwa hiyo swali lako siyo ipi ina nyota nyingi. Ni nani kati ya mlinzi na boda unamwamini zaidi.

Mzabibu_Hombolo
Hapo kwenye boda umemaliza, mkuu. Niongezee tu: boda anayekubeba bure kila siku, mafuta anatoa wapi?

Mifano ipo. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo 2013, ikawa inagawa VPN ya bure ya "kukulinda", kumbe inaangalia watu wanatumia programu gani ili ijue mshindani yupi anakua. Apple ikawaondoa dukani 2018. Hola nayo 2015 iligundulika inauza njia za intaneti za watumiaji wake wa bure, yaani mtu usiyemjua anapitishia mambo yake kwenye anwani yako ya IP, ile namba inayoitambulisha intaneti yako, akifanya uhalifu mguu unaoonekana ni wako. Halafu 2020 ikaja ile aibu ya UFO VPN na wenzake sita wa Hong Kong: wote walitangaza hawatunzi rekodi za unachofanya mtandaoni, halafu rekodi za watumiaji, zaidi ya terabaiti moja, zikakutwa wazi mtandaoni bila hata nywila.

Watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia, walichunguza programu 283 za VPN za Android mwaka 2016. Asilimia 18 hazikuwa zinafunga chochote. Koti halipo, umepanda boda uchi.

Kibaigwa_Online
😂😂 uchi tena

Ila msiwatie wote gunia moja. Proton ya bure naitumia mwaka wa pili sasa, nipo huku Kibaigwa nauza mahindi, siyo mtu wa kompyuta. Haina matangazo, haina kikomo cha MB. Mafuta ya huyu boda yanalipwa na wale wa daraja la kulipia, na kampuni ni ileile ya barua pepe ya Proton kule Uswisi, programu zake mtu yeyote anaweza kukagua msimbo wake. Ubaya wake: kifaa kimoja tu, nchi inakuchagulia yenyewe, na jioni watu wakijaa inakuwa kama daladala za mjini saa kumi na mbili.

Kwa MamaPrinta hapo kwenye kifaa kimoja ndo patakushika. Wewe una kompyuta ngapi?

MamaPrinta
Mbili za mezani na simu yangu.

KondoaBoy
Basi Proton ya bure itakuacha na vifaa viwili nje ya mlango. Mimi kura yangu ni Mullvad. Wasweden. Bei ni euro 5 kwa mwezi tangu 2009, haina ofa, haina "umebakiwa na dakika kumi punguzo liishe", ukilipa mwezi ni euro 5, ukilipa mwaka ni euro 5 mara 12. Kwa shilingi inacheza 14,000 na kitu, kutegemea euro imeamkaje. Vifaa vitano. Kujiunga hawakuulizi jina wala barua pepe, wanakupa namba ya tarakimu 16 basi, ukiipoteza umejipoteza.

Kinachonifanya niwaamini siyo tangazo. April 2023 polisi wa Sweden walikwenda ofisini kwao na hati ya upekuzi wakitaka taarifa za wateja, wakaondoka mikono mitupu kwa sababu hazikuwepo. Mtihani wa namna hiyo ndio ninaoupa maksi. ExpressVPN, kampuni nyingine ya VPN, nao walipita mtihani wao, Uturuki walishika seva yao 2017 kwenye uchunguzi wa mauaji ya balozi wa Urusi, hawakukuta kitu. Wenyewe baadaye wakanunuliwa na kampuni ya Kape mwaka 2021, na mwenye boda akibadilika unaanza kumchunguza upya. PureVPN walifeli 2017: walijinadi hawatunzi rekodi, FBI walipohitaji, zikapatikana.

Kulipia kutoka hapa ndo kuna kazi. Nilitumia kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya pesa za simu, mara ya kwanza ikakataa, ya pili ikakubali. Na hapo mjue: kadi ina jina lako, kwa hiyo ule usiri wa namba 16 umeshaupunguza mwenyewe.

Dada_wa_AreaD
NordVPN na Surfshark je? Mbona mnawaruka, wakati ndio wanatangazwa kila video ya YouTube.

KondoaBoy
Dada wa Area D, siyo wabaya. Surfshark haina kikomo cha vifaa, kwa familia kubwa ni nafuu. Tatu kwangu: ile bei ya chini ni ya kulipa miaka miwili mkupuo, ikiisha inajirudia kwa bei kubwa kama hujazima, kampuni hizo mbili ziliungana 2022, kwa hiyo kuzilinganisha ni kama kulinganisha mifuko miwili ya suruali moja, na Nord walikuwa na seva Finland iliyoingiliwa 2018, dunia ikaja kujua 2019. Kuingiliwa kunaweza kumpata yeyote. Kukaa kimya miezi kadhaa baada ya kujua ndo sikupenda.

Seva_Makulu
Niseme kuhusu hiyo ya kutengenezewa, maana ndo kazi yangu. Unakodi seva ndogo nje kwa dola 4 hadi 6 kwa mwezi, unaweka WireGuard, programu ya kuendeshea VPN, nusu saa umemaliza. WireGuard ni nyepesi, msimbo wake ni kama mistari 4,000, na tangu 2020 imo ndani ya Linux yenyewe, mfumo unaoendesha seva nyingi. Bando pia haili sana: inaongeza kama baiti 60 kwenye kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) ya 1,500, ni asilimia 4 hivi. Hiyo ya bure iliyomaliza bando la dada ilikuwa inakula matangazo, tusiwasingizie VPN wote.

Lakini dada, usikubali kabla hujajua unachonunua. Seva yako ni boda yako peke yako, jina lako limechorwa kwenye tanki. Mlinzi wa getini hakuoni, sawa. Ila kila tovuti inaona anwani ileile moja ambayo hakuna mwingine anayeitumia, na kampuni iliyokukodisha ina kadi yako. Kwenye Mullvad au Proton unachanganyika na mamia ya watu kwenye anwani moja. Na huyo kijana akikutengenezea, funguo anazo nani? Kama ni yeye, umemtoa mlinzi ukamweka yeye.

Kasi pia. Ukichagua seva ya Ulaya, kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100, kujaza fomu hutaona tofauti, kupiga simu ya video utaona. Mullvad wana seva Johannesburg, jaribu hiyo kwanza.

Mpwapwa_Sheria
Wakuu mmeongea boda, boda, hakuna aliyetaja trafiki. October 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa tangazo: wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa, wakapewa hadi tarehe 30 ya mwezi huo. Msingi ni Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020, zinazokataza kuwa na programu au kusambaza programu ya kumwezesha mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Adhabu inaanzia milioni 5 au jela miezi 12, au vyote. Wewe una biashara yenye leseni ukutani, dada. Usifunge kitu kwanza halafu ukaulize baadaye, waandikie TCRA.

Na kuna sheria nyingine inakuhusu zaidi ya hii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika May 2023. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, namba za mtihani za watu... kwenye kompyuta zako ziko ngapi?

MamaPrinta
Kaka, hata sijawahi kuhesabu. Nimefungua folda ya "DOWNLOADS" sasa hivi, ina mafaili elfu sita na kitu. Mengine ni ya watu walioshamaliza chuo.

FundiWaya_Kisasa
Basi tumekuwa tunalinda barabara wakati mlango wa nyumba uko wazi. VPN inafunga njia, haigusi kilichopo mezani. Mteja wako wa saa tatu akiacha barua pepe yake imefunguliwa, wa saa nne anaisoma, hakuna boda wa Sweden atakayezuia hilo.

Ningekuwa wewe ningeanza leo hii na vitu visivyo na gharama. Mwenye jengo abadilishe nywila ya Wi-Fi na ile karatasi ing'oke ukutani. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, wa chipsi na wateja wakae huko. Kwenye kompyuta zako wateja watumie kivinjari kwa hali ya mgeni, akifunga dirisha historia na akaunti alizofungua vinaondoka, ila mafaili aliyopakua yanabaki. Kivinjari kikiuliza kihifadhi nywila, jibu ni hapana milele. Mafaili ya mteja yafutwe akishalipa. Fleshi za watu sitaki hata kuzungumzia, nimeshaona kompyuta ya steshenari iliyogeuka wodi ya virusi.

Halafu kama bado unataka VPN kwa simu yako ukiwa kwenye basi au hotelini, Proton ya bure inatosha. Ndani ya mipangilio ya Android kuna sehemu ya kuifanya VPN iwe imewaka muda wote na kuzuia intaneti ikikatika, iwashe, la sivyo simu ikijaribu kuokoa chaji itaizima na hutajua.

Dada_wa_AreaD
Kwa hiyo nikiwasha VPN, Facebook haitajua ni mimi?

Seva_Makulu
Umeingia kwa jina lako na picha yako, dada 😄 Itajua. Kampuni ya simu nayo inajua uko mnara gani, laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Ukitaka tovuti isijue ni wewe, kivinjari cha Tor Browser kinapitisha safari kwenye vituo vitatu na hakuna kituo kinachojua mwanzo na mwisho kwa pamoja. Ni polepole. Kwa kazi ya HESLB usithubutu, utazuiwa na mfumo. Hata kwa VPN ya kawaida programu ya benki yangu hugoma, naizima dakika mbili nalipa naiwasha.

MamaPrinta
Asanteni sana wakuu. Nimeamua hivi. Kwenye simu nabaki na Proton ya bure. Kwenye kompyuta za wateja siweki VPN kwa sasa, nimewaandikia TCRA kuuliza, wakijibu vizuri nachukua mwezi mmoja wa Mullvad nione. Kijana wa seva nimemwambia asante. Mwenye jengo amekubali kubadilisha nywila, wa saluni amenuna. Leo tangu saa kumi nafuta mafaili, nimefika herufi M.

Mwanachuo_CIVE
Dada samahani, steshenari yako siyo ile yenye bango la bluu, mlangoni kuna mashine ya kudurufu imeharibika? Nadhani nilidurufu vyeti hapo mwaka jana. Naomba folda yangu uifute, jina langu linaanzia na R.

MamaPrinta
Ndiyo yenyewe, na mashine imeshapona. R nimeiruka mbele nikaikuta, imefutwa. Ila kwenye daftari unadaiwa mia tano ya laminesheni.